Jinsi ya Kutofautisha Maneno ya Kiingereza Yanayochanganya: Anza na Sentensi ya Kiswahili

Kijana mmoja niliyekuwa nikimsaidia kuandaa barua zake aliniletea ombi la mkopo aliloliandika kwa Kiingereza, na katika mstari wa pili alieleza kwamba angependa "to lend" shilingi milioni moja ili akuze biashara yake ya vipuri vya pikipiki. Mwandiko ulikuwa mzuri na sarufi haikuwa na dosari kubwa, lakini barua ilisema kinyume kabisa cha alichokusudia, kwa kuwa ilisema yeye ndiye anayetaka kuikopesha taasisi ile. Nilipomuuliza kwa nini alichagua neno hilo, alijibu kwamba "lend" maana yake ni kuazima, na yeye alitaka kuazima pesa. Maana aliyoijua haikuwa ya uongo. Neno la Kiswahili alilolitegemea lina pande mbili, na yeye alilishika upande usio wake.

Makosa ya namna hii hayatokani na uvivu wala na uzito wa akili, bali hutokana na desturi tuliyoizoea tangu darasani ya kuandika neno la Kiingereza upande mmoja wa daftari na neno moja la Kiswahili upande wa pili, kana kwamba maneno ya lugha mbili yanaweza kupangwa kama viatu, mguu kwa mguu. Ninachopendekeza hapa ni njia nyingine. Kabla ya kuchagua kati ya maneno mawili ya Kiingereza, tunga kwanza sentensi kamili ya Kiswahili, kisha uiangalie kwa makini: nani anatenda, anamtendea nani, na ni kiambishi gani kinachobeba tofauti unayoitafuta. Mara nyingi utakuta kwamba tofauti inayokusumbua katika Kiingereza unaijua tangu utotoni, ila Kiswahili kimeiweka mahali pengine.

Kuazima, kukopa na kukopesha

Tuanze na jozi iliyomkwaza yule kijana. Katika Kiswahili tunasema "nimeazima mwavuli kwa jirani" na pia "jirani ameniazima mwavuli", na kitenzi ni kilekile. Kinachotuonyesha mwavuli umetoka wapi na umekwenda wapi ni kile kiambishi "-ni-" cha mtendewa, na kwa kuwa tumekizoea, hatukioni tena. Kiingereza hakina kiambishi cha kufanya kazi hiyo ndani ya kitenzi, kwa hiyo kimelazimika kuwa na vitenzi viwili. "Borrow" hutumika pale kitu kinapokuja kwako, na hufuatwa na "from" kabla ya kumtaja mwenye mali: "I borrowed an umbrella from my neighbour." "Lend" hutumika pale kitu kinapotoka kwako, na humtaja anayepewa: "My neighbour lent me an umbrella." Ile sentensi "borrow me your pen" inayosikika mashuleni ni "niazime kalamu yako" iliyovalishwa maneno ya Kiingereza.

Dawa yake ni rahisi. Kila unapotaka kutumia mojawapo ya maneno haya mawili, ondoa kuazima kichwani na uweke kukopa au kukopesha, hata kama unachozungumzia si pesa. Penye kukopa andika "borrow", na penye kukopesha andika "lend". Kwetu sisi kukopa na kuazima si jambo moja, maana ukiazima jembe utarudisha jembe lilelile, lakini ukikopa kilo ya unga utarudisha unga mwingine, ule wa kwanza ukiwa umeshaliwa. Kiingereza hakijali tofauti hiyo, na "borrow" hutosha kwa jembe na kwa unga.

Pale ambapo kauli ya kutendesha inatosha

Jozi nyingi zinazowatesa wanafunzi wetu ni zile ambazo Kiswahili huzitofautisha kwa kauli ya kutendesha, yaani kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi: kumbuka na kumbusha, panda na pandisha, lala na laza. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na namna yake ya kuunda vitenzi vya kusababisha, na namna hiyo iliacha alama ya tofauti ya irabu katikati ya neno. Mabaki yake yapo hadi leo katika "lie" na "lay", katika "sit" na "set", na hata katika "fall", ambayo ni kuanguka, na "fell", ambayo ni kuangusha mti. Wenye lugha wenyewe hawaihisi tena kanuni hiyo, na ndiyo sababu wao pia hukosea. Sisi tunaitumia kanuni kama hiyo kila siku, kwa hiyo tuna faida ambayo wengi hawajui kwamba wanayo.

Chukua habari ya bei, ambayo haikosekani magazetini. "Bei ya unga imepanda" haina yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Bei yenyewe ndiyo imepanda. Hapo Kiingereza kinataka "rise": "The price of flour has risen." Lakini "wafanyabiashara wamepandisha bei" ina mtu anayetenda na kitu kinachotendwa, na hapo neno ni "raise": "Traders have raised the price." Ukiwa na mashaka, uliza kama Kiswahili chako kina "-sha". Kikiwa nacho, andika "raise, raised, raised"; kisipokuwa nacho, andika "rise, rose, risen". Kosa la kuandika "the price has raised" litakoma siku hiyohiyo. Kwa mkono ulioinuliwa darasani kipimo ni kilekile, isipokuwa kwamba kuinuka na kuinua hutofautishwa kwa njia nyingine: penye mtu anayeinua kitu ni "raise", na penye kitu kinachoinuka chenyewe ni "rise".

"Remember" na "remind" hazihitaji maneno mengi: ya kwanza ni kukumbuka, ya pili ni kukumbusha, na anayesema "remember me to call the doctor" alitaka kukumbushwa.

"Lie" na "lay" zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndani yake umo mtego. Kulala, kwa maana ya kujinyoosha kitandani au mkekani, ni "lie", na wakati uliopita wake ni "lay". Kulaza, yaani kumweka mtoto au kitu kingine kiwe kimelala, ni "lay", na wakati uliopita wake ni "laid". Kwa hiyo neno "lay" hukaa pande zote mbili, upande mmoja likiwa la jana na upande wa pili likiwa la leo. "Jana nililala kitandani mchana kutwa" ni "Yesterday I lay in bed all day", wakati "nilimlaza mtoto mkekani" ni "I laid the baby on the mat". Anayeweza kubadilisha "nililala" kuwa "nililaza" bila kuharibu maana anahitaji "laid". Asiyeweza, anahitaji "lay". Na "lie" ya kusema uongo ni neno jingine kabisa, lenye wakati uliopita wa "lied".

Hapohapo kwenye kulala kuna jambo ambalo napenda kila anayehudumia wagonjwa alizingatie. Tukisema "mgonjwa amelala", msikilizaji hajui kama mgonjwa amejinyoosha tu huku akiwa macho, au amepata usingizi. Muktadha hutusaidia tukiwa chumbani pamoja, lakini ripoti ya Kiingereza husomwa na mtu ambaye hayupo. "The patient is lying down" ni kujinyoosha. "The patient is asleep" ni usingizi.

Kusema na kuambia

Jozi ya "say" na "tell" ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, kwa sababu Kiswahili kimeitatua kikamilifu na bado wanafunzi wetu huikosea. Jaribu kusema "Asha aliambia kwamba atachelewa." Sikio lako linakataa mara moja, kwa sababu kitenzi cha kuambia hakisimami bila mwambiwa: ni lazima aniambie, akuambie, awaambie. "Tell" ina tabia hiyohiyo, kwa hiyo ni "Asha told me that she would be late", na "Asha told that she would be late" inaumiza sikio la Mwingereza kama ile ya kwanza inavyoumiza lako. Kusema, kwa upande wake, kunaweza kusimama peke yake, na "say" vilevile: "Asha said that she would be late." Ukitaka kumtaja msikilizaji baada ya "say", huna budi kuweka "to", kama sisi tunavyoweza kuweka "kwa". Kuna misemo michache ambayo imejitenga na kanuni, kama vile "tell the truth", "tell a lie", "tell a story" na "tell the time", nayo haina njia isipokuwa kuikariri.

Kuleta na kupeleka nako tunakujua vizuri. Kuleta kunakuja alipo msemaji, na ndiko "bring". Kupeleka kunakwenda mbali naye, na ndiko "take". Linalobaki ni "fetch", ambalo wengi hulifahamu kwa habari ya maji tu. Ukimwambia mtoto "kalete maji", ile "ka-" inamwamuru aende, achukue, na arudi. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo maana yote ya "fetch", na inafaa kwa kuni, kwa daktari, na kwa mtoto anayesubiri shuleni.

Pale ambapo Kiswahili kina neno moja

Mpaka hapa Kiswahili kimekuwa kikitupa jibu. Kuna mahali hakitupi, na hapo ni lazima tuongeze swali. Viungo vya mwili ni mfano ambao kosa lake linaweza kuleta madhara. Mkono wetu huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Kiingereza huukata kwenye kifundo: juu yake hadi begani ni "arm", na kuanzia kifundo kwenda chini ni "hand". Mguu nao hukatwa kwenye kifundo chake, juu ikiwa "leg" na chini ikiwa "foot". Na kidole, ambacho kwetu kinaweza kuwa cha mkono au cha mguu, ni "finger" kikiwa mkononi na "toe" kikiwa mguuni. Mtu aliyejikwaa akavunjika kidole cha mguu, kisha akamwambia daktari asiyejua Kiswahili kwamba ameumia "finger", ataona daktari akimshika mkono. Njia nzuri ni kutoishia kwenye neno la jumla hata unapowaza kwa Kiswahili: sema kiganja, wayo, kifundo, paja, kigimbi, kidole gumba. Tunayo maneno ya sehemu hizo. Tumezoea tu kuyapita.

Kusikia kumebeba mzigo mkubwa zaidi. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa na maumivu. "Hear" ya Kiingereza ni ya masikio peke yake. Harufu ina "smell", maumivu yana "feel", na kwa njaa au baridi Waingereza husema "I am hungry" na "I am cold". Kati ya "hear" na "listen", rudi kwenye kitenzi chako: kusikia hutokea hata usipotaka, lakini kusikiliza unakusudia, na ndiyo "listen to". Tofauti hiyo ya kukusudia ndiyo inayotenganisha kuona, ambako ni "see", na kutazama, ambako ni "look at". "Watch" huongezwa pale unapotazama kwa muda jambo linaloendelea au linalosogea, kama mechi au watoto wanaocheza karibu na barabara.

Kivuli pia ni kimoja kwetu. Ukikaa chini ya mwembe kukwepa jua, umekaa kwenye "shade". Umbo lako jeusi linalokufuata ardhini ni "shadow". Jiulize kama kivuli unachokizungumzia kina umbo la kitu. Kikiwa nalo, ni "shadow".

Kuhusu kufanya, ambako hugawanyika kuwa "do" na "make", kanuni inayofundishwa kwamba "make" huacha kitu kipya nyuma yake inasaidia nusu ya safari: unaandaa chai, unashona gauni, unapiga kelele, na vyote hivyo ni "make". Kazi za nyumbani, biashara na mtihani ni "do". Lakini "make a mistake", "make a decision" na "make a phone call" hazielezeki vizuri kwa kanuni hiyo, na ni afadhali kuzikariri kuliko kubuni sababu. Angalia pia "make the bed", ambayo ni kutandika kitanda. Kazi ya fundi seremala haimo ndani yake.

Nisieleweke kwamba Kiswahili ndicho kinachopungukiwa. Kiingereza husema "carry" kwa mama aliyembeleka mtoto mgongoni, kwa aliyempakata, na kwa aliyejitwika ndoo kichwani. Mwingereza anayejifunza lugha yetu naye hulazimika kuongeza swali pale ambapo lugha yake haikumzoesha kuuliza.

Uchache, udogo na muda

Wengi hudhani "fewer" na "less" ni suala gumu la sarufi ya Kiingereza, na wakati huohuo hawawezi kamwe kusema "watu kidogo walikuja" bila kuhisi kwamba pana kasoro. Vinavyohesabika ni vichache, visivyohesabika ni kidogo: watu wachache, viti vichache, maji kidogo, sukari kidogo. Penye "-chache" weka "fewer" unapolinganisha, na penye kidogo weka "less". Fedha, umbali na muda, ingawa vina tarakimu, huhesabiwa kama kiasi kimoja, kwa hiyo ni "less than 20 dollars" na "less than 5 kilometres".

Kale kaherufi "a" mbele ya "few" hubadilisha moyo wa sentensi. "Few people came" ni malalamiko: waliokuja walikuwa wachache. "A few people came" ni taarifa ya kawaida, au hata faraja: walikuja watu kadhaa. Kadhalika "there is little water" ni kusema maji ni haba, na "there is a little water" ni kusema yapo kidogo, na huenda yakatosha. Anayeandikia wafadhili kuhusu kisima cha kijiji asiache herufi hiyo iponyoke wala isiingie kwa bahati mbaya.

Kwa upande wa muda, "hadi" yetu ndiyo inayotuponza. Tunasema "ofisi itakuwa wazi hadi Ijumaa", na tunasema pia "leteni ripoti hadi Ijumaa". Sentensi ya kwanza inaeleza hali inayoendelea siku zote mpaka Ijumaa, na hiyo ni "until". Ya pili inaweka mwisho wa jambo linalotendeka mara moja, na hiyo ni "by". Ukijizoeza kusema "leteni ripoti kufikia Ijumaa", utaandika "by Friday" bila kusita. "Since" nayo inataka mahali pa kuanzia, kama "tangu" inavyotaka: "since 2019". "For" inataka urefu: "for 5 years". Kwa kuwa Kiswahili huruhusu "tangu miaka mitano iliyopita", wengi huandika "since 5 years", wakiwa wameangusha njiani lile neno "iliyopita" lililokuwa likiishikilia sentensi. Zingatia pia kwamba "ninaishi hapa tangu 2019" haiwi "I live here since 2019". Kiingereza kinasema "I have lived here since 2019".

Kitenzi au nomino

Mwanafunzi wa sekondari hukutana na "affect" na "effect" karibu katika kila somo, kuanzia mmomonyoko wa udongo katika jiografia hadi ukoloni katika historia. Kipimo ni "ku-". Ikiwa unachotaka kusema ni kuathiri, andika "affect". Ikiwa ni athari, andika "effect". Swali linalokuomba ueleze "the effects of soil erosion" linataka athari, na jibu lako linaweza kuanza kwa kusema kwamba mmomonyoko "affects" mashamba, kwa maana unayaathiri. "Advise" na "advice" hufuata njia hiyo: kushauri kwa "s", ushauri kwa "c". Tena "advice" haina wingi, na hapo ushauri wetu unakusaidia kukumbuka, kwa sababu nao hausemwi kwa wingi. Hatari iko kwenye taarifa, vifaa na samani, ambavyo kwetu huhesabika bila shida. Kiingereza huviita "information", "equipment" na "furniture", na havipokei "s" hata kidogo.

Namna ya kuandika daftari lako

Acha ile orodha ya maneno mawili mawili. Kwa kila jozi, tenga ukurasa mmoja, uandike juu yake sentensi mbili za Kiswahili zilizotoka katika maisha yako mwenyewe, na chini ya kila moja tafsiri yake ya Kiingereza, kisha upigie mstari kile kiambishi au neno la Kiswahili lililokuonyesha njia. Soma ukurasa huo kwa sauti baada ya siku chache huku umefunika mistari ya Kiingereza.

Unaweza kuanza na kupanga nyumba. Andika "nimepanga chumba kwa mama mmoja", na chini yake "I rent a room from a lady". Kisha andika "mama huyo amenipangisha chumba", upigie mstari "-sha", na uandike chini yake "She rents a room to me". Utaona kwamba safari hii Kiingereza ndicho chenye neno moja la pande mbili, kama kuazima kwetu, na kwamba kazi yote ya kuonyesha nani mwenye nyumba na nani mpangaji imeachiwa "from" na "to". Ukiandika kuhusu gari la siku moja la harusi, ambalo sisi tunalikodi wala hatulipangi, Uingereza watakuambia "hire" na Marekani watakuambia "rent". Acha nafasi kwenye ukurasa huo kwa ajili ya sentensi hiyo pia.